Fundo la Kitambaa Chekundu

Harufu ya sifa hainitoki. Ni mafuta ya papa tunayopaka mitumbwi ili mbao zisinywe maji, na hata ukiosha mikono kwa sabuni ya kufulia, harufu hubaki kwenye kucha. Asubuhi hii nilikuwa nimeinama nikiupaka mtumbwi wa baba, hapa kwenye diko letu la Junda, mitumbwi inapovutwa pwani, nikaona miguu ya mtu imesimama mbele yangu. Miguu mikavu, imevaa kandambili za buluu. Sikuinua kichwa mara moja. Kuna miguu unaijua hata ikizeeka.

"Hujambo, Kadzo," akasema mwenye miguu.

"Shikamoo, ami."

Nilimwamkia kwa sababu nililelewa na bibi yangu mzaa baba, ambaye kwetu twamwita hawe, na hawe hakutulea tuwanyime salamu hata wale tunaowachukia. Akaitikia. Kisha akanyoosha mkono, akafungua ngumi, nikakiona kilichokuwamo. Nikachovya tena tambara kwenye kopo la sifa nikaendelea kupaka. Yeye akaenda kuketi kwenye jiwe kule kivulini. Ninaposimulia haya bado yupo palepale. Anangoja, nami nina la kusimulia.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande huu mtaukumbuka huu mkono wa bahari ulivyokuwa kabla nyumba hazijashuka mpaka kwenye matope. Mikoko ilikuwa mizito. Baba yangu, Karisa, alianza kwa kukata boriti, halafu akaona kuna watu wanaopenda tu kuingia huko ndani wakatazama na kurudi. Akaanza safari za Jumapili. Walikuja vijana wa kanisa, wapishi wa hoteli za Bamburi, wafanyakazi wa viwanda kutoka Changamwe, mara nyingine wageni wa hoteli walioungua na jua. Mitumbwi ilitoka mitano au sita kwa pamoja. Tulipanda na maji yakijaa, tukala mihogo na samaki wa kukaanga kwenye kichanga kimoja, kijisiwa cha mchanga katikati ya mikoko, tukarudi na maji yakipwa.

Shida ya safari za namna hiyo ni kwamba watu hawalingani. Katika kundi moja utampata aliyezaliwa ndani ya mtumbwi na mwingine ambaye anashika kafi kama anakoroga ugali. Baba alikuwa na njia yake. Mama alipofariki, akatuacha sisi wanawe watatu, Dama akiwa mchanga, Kazungu akiwa ndio anaanza kukimbia, na mimi wa kwanza, aliacha pia kanga mbili, moja nyekundu, moja ya manjano. Baba alizipasua vipande vipande. Asiyewahi kupiga kafi alifungwa kitambaa chekundu mkononi. Aliyekuja kabla alifungwa cha manjano. Aliyeyajua maji hakufungwa kitu, na hao tuliwaita mikono mitupu.

Kulikuwa na sharti. Aliyekufunga ndiye anayekufungua, na hakufungui mpaka umeshuka na miguu yako iko kwenye mchanga mkavu. Baba hakutaka mtu ajifungue mwenyewe wala afunguliwe na mwenzake. Jioni alivikusanya vitambaa vyote, akavipanga juu ya goti lake. Vikitimia alisema, "Wote wamerudi," ndipo tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku moja mpishi mmoja wa hoteli aliondoka na chake mkononi kwa kusahau. Baba alirudi majini akaita mpaka sauti ikakauka, mpaka mtu alipokuja mbio kusema yule bwana ameonekana stendi anakula mahamri.

Sasa niwaambie nilichokifikiria mimi wakati ule. Niliona kwamba wanaoanguka majini, mara zote, ni wenye nyekundu. Mtumbwi ukiyumba, nyekundu ndiye atakayetumbukia. Kafi likipotea, ni la nyekundu. Sikuwaza kwamba walifungwa nyekundu kwa kuwa hawajui. Niliwaza kwamba wanaanguka kwa kuwa wamefungwa nyekundu. Niliamini kile kitambaa kinayaita maji. Baba aliponiambia nimsaidie kufunga wageni, nilikimbilia vya manjano, vile vyekundu nikavishika kwa ncha za vidole.

Na palikuwepo Mvumoni. Kati ya diko letu na kile kichanga kuna tuta la zamani la mawe. Wengine husema lilijengwa na wachimba mawe wapitishe mikokoteni yao, sijui. Nijualo ni kwamba limekatika katikati, na maji yote ya huko juu hupita hapo yakirudi baharini. Maji yakiwa mafu unapita umekaa kama uko sebuleni. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakipwa, panachemka. Yanageuka meupe, yanapanda mgongo wa jiwe, yanaanguka upande wa pili na kujikunja, na mlio wake unausikia ukiwa bado mbali, kama lori linalopanda mlima limebeba saruji.

Watu walipapenda na walipaogopa. Baba alikuwa akishuka wa kwanza, anageuza mtumbwi wake kwenye maji yaliyotulia chini ya tuta, anaangalia, akiinua kafi mtumbwi wa pili unakuja, kisha wa tatu. Aliyeshuka naye aligeuka akamtazama anayefuata. Kila mtumbwi ulikuwa na mkono mtupu ameketi tezi, yaani nyuma, maana mwenye tezi ndiye mwenye kuuongoza. Baba alirudia neno moja kila Jumapili, hata tukawa tunamwiga kwa mzaha nyumbani: "Mwenye tezi haondoki tezi." Na yeyote akimwona mwenye nyekundu nje ya mtumbwi, popote pale, anapaza sauti: "Nyekundu!" Hapo kundi zima linageuza macho huko na makafi yanaanza kufanya kazi.

Wa mwisho kushuka alikuwa siku zote ami Chengo. Hakuwa ndugu wa damu, alikuwa rafiki wa baba na mshirika wake, mrefu, mcheshi, anayejua kuimba. Alitubebea miwa. Dama alilala mapajani mwake.

Siku ambayo baba hakurudi nilikuwa nyumbani nasugua sufuria. Tuliyoyajua ni yale tuliyoambiwa, na aliyetuambia ni mmoja. Chengo alisema baba aliwaharakisha watu kupita Mvumoni maji yakiwa bado makali. Alisema mtumbwi wake yeye, wa mwisho, uliokuwa na wageni watupu, ulisombwa ukapinduka, naye akatupwa juu ya mawe. Baba akapandisha mtumbwi wake kutoka chini kuwafuata. Aliwatoa wote. Wakati anamsukuma wa mwisho, mtumbwi uliopinduka ulizunguka ukamgonga kichwa dhidi ya tuta. Mitumbwi mingine baba alikuwa ameitanguliza isije ikakwama matopeni, ilikuwa imekwisha kukata kona, hakuna aliyeona. Na waliokuwa majini, vijana wa bara waliomeza maji kwa mara ya kwanza maishani, walikuwa wanatapika na kulia. Nani angewauliza?

Nilifika diko nikikimbia peku. Walikuwa wamemlaza kwenye turubai. Sikumtazama baba kwanza. Niliutazama mtumbwi wake, uliokuwa umevutwa juu, na kwenye omo, kule mbele kabisa, palikuwa pamefungwa kitambaa chekundu cha kanga ya mama.

Nilielewa papo hapo, kwa akili yangu ya wakati ule. Mtu alikifunga asubuhi, baba hakukiona, na maji yakaja kumchukua. Nikauliza nani amefunga. Kahindi, kijana wa kafi wa baba ambaye siku ile alitangulia na mitumbwi mingine, akainamisha macho akasema, "Ami yako Chengo."

Matangani Chengo alisimama mbele ya watu. Alilia kweli, machozi yalimfika kidevuni. "Karisa alikuwa rafiki yangu," akasema, "lakini tusidanganyane. Maji haya alikuwa bado hajayajua. Nimemfungia chekundu kwenye mtumbwi wake ili iwe funzo kwetu sote." Wazee wakatikisa vichwa; mimi nikawaza anaficha alichokifanya asubuhi. Kwa watu wa diko letu hakuna tusi lililozidi hilo. Mtu aliyewafundisha wote kupiga kafi alizikwa akiwa mgeni wa maji.

Na hakuna aliyethubutu kukifungua, kwa sababu ya sharti lake mwenyewe. Aliyefunga ndiye anayefungua. Ule mtumbwi ukabaki pale juu umeinama ubavu, unapasuka kwa jua, na kitambaa kwenye omo kinapepea. Hawe akipita na ndoo yake ya maji alikigusa kwa vidole, akaendelea na njia. Nilimwona kila siku.

Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Haikuwa na kilio. Niliamka asubuhi moja nikamvalisha Kazungu sare, nikamfunga Dama mgongoni, na sare yangu nikaikata nikamshonea Dama sketi. Chengo akaja kumwambia hawe kwamba atanichukua kazini. "Mtoto wa marehemu ni wangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Watu wakamsifu. Kanisani walimwombea. Mimi nikaenda, kwa sababu nyumbani kulikuwa na midomo mitatu na kwa sababu nilikuwa na jambo langu.

Nilitaka afe. Nasema wazi, sitaki kulipamba. Nilitaka Mvumoni pamchukue kama palivyomchukua baba, na nilijua njia, kwa kuwa nilijua kinachoyaita maji. Nilichokosa ni nafasi. Mkono wake ulikuwa mtupu na hakuna wa kumfunga. Kwa hiyo nilingoja. Niligawa majaketi ya kuelea, nikafunga vitambaa vya wageni, nikapiga kafi kwenye omo ya mtumbwi wa kwanza, Kahindi akiwa tezi, maana hakuna aliyeyajua mawe ya Mvumoni kama sisi wawili tuliofundishwa na baba. Mikono yangu ikawa migumu. Na kwa kungoja huko, nikaanza kuona jambo. Mwaka mzima Chengo hakupita Mvumoni pakiwa peupe hata mara moja. Alikuwa na sababu siku zote. Leo wageni wamechoka, leo kuna mawingu, leo tule polepole. Tulipofika tutani maji yalikuwa yamekwisha kulala. Niliona kama mtoto nikadhani ni hekima.

Ndipo akarudi Mutua. Huyu alikuwa mtu wa bara, mfanyakazi wa kiwanda huko Changamwe, mkubwa wa mwili na mkubwa wa kicheko. Siku ya msiba alikuwa kwenye mtumbwi wa Chengo, na baba ndiye aliyemtoa. Hakuwa amekanyaga diko tangu hapo. Alikuja na vijana wenzake wa kiwandani, na kabla ya yote akaniuliza kaburi liko wapi. Nikamwonyesha kwa mkono. Akavua kofia.

Kisha akarudia kelele zake. "Nifunge ya manjano, dada! Mimi si mgeni tena, nimepandishwa cheo!"

"Ulikunywa maji mengi, cheo chako ni cha ubwabwa," nikamwambia.

"Hiyo maji nilikunywa ilikuwa ya kusomea. Leo ni mtihani." Akamgeukia Chengo. "Mzee, leo tunataka maji iko na meno. Usitupeleke kama mayai."

Chengo akacheka. "Wataka meno wewe, na mwaka jana uling'atwa?"

"Ndio maana narudi, nirudishe."

"Leo bamvua, bwana. Tutakwenda mdogo mdogo."

"Aa! Nyinyi watu ya pwani, kila kitu mdogo mdogo." Vijana wakamshangilia. Mmoja akasema pengine mzee anaogopa, mwingine akasema mwacheni, hata paka huogopa maji. Nilimwona Chengo uso ukimbadilika. Mtu anayesifiwa na kila mtu hawezi kuchekwa na vijana wa kiwandani.

"Basi twendeni," akasema. "Mtakuja kulia kwa mama zenu."

Nikampa jaketi lake. Alilivaa akiwa bado anajibizana nao, amenipa mgongo. Nyuma ya shingo ya jaketi kulikuwa na kitanzi cha kulitundikia. "Ngoja nikukaze, ami," nikasema. Nikatoa kitambaa chekundu nilichokuwa nimekificha kwenye mkunjo wa leso, nikakifunga kwenye kile kitanzi kwa fundo la baba, lile linalojikaza likilowa. Alipinda shingo kidogo. "Ahsante, mwanangu," akasema.

Kwa kuwa mtumbwi wake ni wa mwisho, hakuna aliyekuwa nyuma yake wa kuona. Tulikwenda, tukala, tukarudi. Mihogo sikuimeza. Mlio wa Mvumoni ulitufikia mapema siku ile, na wale vijana wakaanza kukaza mikanda ya majaketi yao.

Tulishuka wa kwanza, mimi na Kahindi. Maji yalitupandisha yakatuangusha, uso ukajaa chumvi, tukageuka kwenye maji yaliyotulia. Kahindi akainua kafi. Mutua akaja kwenye mtumbwi wa pili akipiga mayowe kama mbuzi, akageuka kando yetu. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kisha tukawa sote chini ya tuta, tumetazama juu, na mtumbwi wa Chengo ukatokeza kwenye ulimi wa maji. Mbele yake walikuwa wawili wenye nyekundu, kijana mmoja na dada yake aliyesuka nywele ndefu.

Nilikuwa naomba. Sikumwomba Mungu. Niliyaomba maji.

Mtumbwi ulipofika penye mkatiko, nilimwona Chengo akiacha kafi. Hakunyang'anywa. Aliliacha, kama mtu anavyoacha kijiko. Akasimama, akashika jiwe la tuta kwa mikono miwili, akauacha mtumbwi uende, akaanza kupanda. Na kwa kuwa alikuwa anapanda, alitupa mgongo. Nyuma ya shingo yake kitambaa chekundu kilikuwa kinapepea, kinaonekana kama bendera.

"Nyekundu!" Sauti ilikuwa ya Mutua. Alifanya alivyofundishwa asubuhi. "Nyekundu! Nyekundu juu ya mawe!"

Kundi zima likageuza macho. Kila mtu mwenye macho alimwona mwenye tezi ameondoka tezi, anapanda tuta kama kaa, na chini yake mtumbwi ukigeuka ubavu na watoto wawili wa watu ndani. Na kwa kuwa macho yote yalikuwa huko, makafi yote yalikuwa yamekwisha kuanza. Kahindi alitupandisha mpaka chini ya jiwe. Mtumbwi ulipojaa na kulala, nilimshika yule msichana kwa nywele zake nikamvuta kifuani kwangu, na Mutua, kwa huo mkono wake wa kiwandani, akamnyanyua yule kijana kwa mkanda wa suruali. Hakuna aliyekaa majini zaidi ya kumeza mara mbili tatu.

Dikoni hapakuwa na kicheko. Chengo alikuja kwa miguu akizunguka kupitia tuta, amelowa mpaka magotini tu. Akaanza kuongea tangu yuko mbali. "Maji yamenitoa! Mmeona? Yamenisomba!"

Mutua alikuwa ameketi mchangani. Akainuka taratibu.

"Yamekusomba yakakupandisha juu?"

"Bwana, wewe hujui maji..."

"Sijui, ndio. Lakini sikiza. Siku ile mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, nimekupa mgongo. Nilisikia mtumbwi imeinuka huku nyuma, ikawa nyepesi. Mwaka mzima najiuliza ile kitu ilikuwa nini. Nikilala naisikia." Akamsogelea. "Ilikuwa ni wewe umetoka. Hata siku ile uliruka. Karisa alikuja kututoa kwa sababu wewe uliruka."

Chengo aliwatazama mikono mitupu wenzake mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alikuwa tayari anamtazama. Hapakuwa na pa kuweka macho. Akaishia kunitazama mimi.

Wala sikusubiri mkubwa aseme. Nilinyoosha kidole kwenye mtumbwi wa baba. "Kafungue, ami," nikasema. "Wewe ndiye uliyefunga."

"Kadzo, mwanangu..."

"Kafungue."

Alikwenda. Fundo lilikuwa limekula mvua ya mwaka na chumvi ya mwaka, limekuwa gumu kama mfupa. Vidole vyake vikateleza. Mtu mmoja akataka kumpa kisu, Kahindi akamzuia mkono. Kwa hiyo Chengo alipiga magoti kwenye matope mbele ya omo ya baba yangu na kulifungua lile fundo kwa meno, na sisi tumesimama, na ilichukua muda mrefu. Nimekula wali wa harusi nyingi tangu hapo, sijaonja kitu kitamu kama kile. Alipomaliza alinipa kitambaa. Kilikuwa na mate na damu ya ufizi. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Akaondoka akiwa bado na jaketi mwilini. Hakujua alichobeba mgongoni. Watoto wa diko walikiona, wakamfuata kwenye ile njia ya kupanda wakiita, "Nyekundu! Nyekundu!" na yeye akigeuka kuona ni nani anayeitwa. Kazungu, mdogo wangu, alikuwa mbele yao wote. Walimfikisha mpaka barabarani.

Jioni ile nilikaa jikoni nimenuna, hawe akapalia moto akaniuliza nina nini, na watu wote wanasema nimeshinda.

"Hakufa," nikasema.

"Ulitaka afe?"

"Nilimfunga nyekundu. Baba alifungwa nyekundu, akafa. Mbona yeye hayakumchukua?"

Hawe alinitazama mpaka maji ya chai yakafurika. Ndipo akaniambia ambacho kila mtu alikijua isipokuwa mimi. Kile kitambaa kwenye omo hakikufungwa asubuhi. Kilifungwa alasiri, baba akiwa tayari yuko kwenye turubai, na leo tumejua kwa nini: watu wapate cha kutazama wasije wakauliza mwenye tezi alikuwa wapi. Akaniambia pia kwa nini baba aliichagua kanga ile. "Baba yako alisema nyekundu yaonekana mbali. Mwenye nyekundu hatakiwi kupotea machoni hata kidogo. Ndiyo kazi yake, kutazamwa."

Nililala na hasira mbili badala ya moja. Nilikuwa nimemlaumu Chengo kwa kumwua baba kwa kitambaa, kumbe alimwua kwa woga, kisha kitambaa akakitumia kumpaka uchafu marehemu. Hilo la pili ndilo sijaweza kulimeza. Mtu anaweza kuogopa maji. Aliyekaa chini akachagua kipande cha kanga ya mama yangu, akakikaza kwenye mtumbwi wa baba yangu, mikono yake haikuwa na woga wowote wakati ule.

Jumapili iliyofuata Mutua na wenzake walikuja nyumbani badala ya diko. Waliketi kwenye mkeka wa hawe wakasema hawapandi mtumbwi wa mtu mwingine ila wa Karisa. Tulizikalafati nyufa zake, tukaupaka sifa, Kahindi akakaa tezi mpaka mimi nilipofika umri wa kukaa. Kazungu na Dama walisoma kwa mtumbwi ule. Chengo alihama. Tulisikia yuko Likoni, anauza mkaa, haimbi tena.

Na sasa yuko kwenye jiwe kule kivulini. Kilichokuwa kwenye ngumi yake ni kile kitanzi cha jaketi, amekikata kwa kisu, na fundo langu lipo juu yake, rangi imekwisha kupauka ikawa kama ngozi ya kitunguu. Hakulifungua miaka yote hii. Angeweza. Lakini alikuwa mkono mtupu wa baba, na sharti analijua kama ninavyolijua.

"Nifungulie, Kadzo," aliniambia. "Nimezeeka. Sitaki kuondoka nikiwa bado niko majini."

"Kuna wageni leo, ami," nikamwambia. "Wakishashuka."

Walikuja, nikawafunga, tukapanda, tukashuka Mvumoni, tukarudi. Nimewafungua wote mmoja mmoja, miguu yao ikiwa kwenye mchanga mkavu. Sasa nimevipanga vitambaa juu ya goti langu kama baba alivyofanya. Yule mzee ameinuka kwenye jiwe, amenyoosha kiganja. Watu wangu wa mitumbwi wamesimama wananitazama, wanangoja niseme lile neno ili waende nyumbani.

"Bado mmoja," nimewaambia. "Nendeni tu."

Wamekwenda. Nami nimechukua kopo, nimempa ami mgongo, fundo likiwa bado kiganjani mwake, naanza kuutoa maji mtumbwi wa baba.